Boila yangu ilikuwa na presha ya kupanda na ya kushuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji wako wa Mafinga. Mwanzoni mwa mwezi huu aliandika kwamba mfumo wake wa kupasha nyumba joto “unakunywa maji kama ng'ombe”, na kwamba dawa aliyoipata ni kuuunganisha na bomba la mtaani na kuacha kikoki wazi kidogo, maji yajiongeze yenyewe usiku na mchana. Akatushauri na sisi wengine tufanye hivyo. Barua ile niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Ndugu yangu wa Mafinga, funga hicho kikoki leo, kisha urudi usome.

Mimi si fundi. Ni nesi mstaafu, nimefanya kazi wodini miaka 34, mingi kati ya hiyo nikiwa mkunga, na sasa naishi Njombe mjini na wajukuu wawili. Anayeijua Njombe ya Juni na Julai hana haja ya maelezo. Kwa wasomaji wa Dar es Salaam niseme tu kwamba kuna asubuhi unatoka nje unakuta majani ya viazi yameungua kwa sakitu, na maji ya kunawa uso yanauma vidole hadi unatafuta kwapa. Jiko la mkaa chumbani nililikataa tangu zamani. Nimepokea usiku watu waliobebwa kwenye blanketi kutoka chumba kilichofungwa madirisha na jiko katikati, na wapo ambao hawakuamka. Ile hewa ya sumu haina harufu ya kukushtua. Kwa hiyo mwanangu anayefanya kazi Uswidi aliponitumia kwenye kontena boila ya kuni iliyokwisha kutumika, rejeta sita za ukutani, yaani vile vyombo vya chuma vinavyopitisha maji ya moto na kupasha chumba, na pampu ya kuzungushia maji, nilishukuru na sikuuliza bei.

Boila iko kwenye banda nyuma ya jiko. Inakula mabanzi ya mbao na kuni za miwati. Mfumo ni wa kufungwa, yaani maji ni yaleyale, yanapashwa, yanazunguka kwenye rejeta, yanarudi. Siku ya kujaza, fundi alitumia pampu ya mkono akivuta kutoka kwenye ndoo za lita 20, nami nikahesabu ndoo saba na nusu. Lita 150. Msomaji aishike namba hiyo, tutairudia.

Kijana aliyefunga alinionyesha geji, ile saa yenye mshale inayosoma presha ya maji kwa kipimo cha baa. “Mama, ikiwa baridi mshale ukae kati ya 1 na 1.5. Ukishuka, ongeza maji.” Maelekezo yaliishia hapo.

Wiki ya tatu nikaamka mshale uko kwenye sifuri. Nikapiga simu, nikaambiwa niongeze maji, ni upepo tu unatoka kwenye mabomba. Nikaongeza. Kesho yake sifuri. Nikaongeza tena. Siku ya tano nikaona haya. Mgonjwa anayepoteza maji humtundikii dripu halafu ukaenda zako kunywa chai. Kitandani kwake kuna karatasi yenye pande mbili, yaliyoingia na yaliyotoka, na zamu nzima inaulizana juu ya karatasi hiyo. Nikachukua daftari la hesabu la mjukuu, nikapiga mistari.

Siku nne mfululizo zilifanana. Saa 12 jioni, kabla ya kuwasha, mshale 1.3. Saa 2 usiku maji yakiwa nyuzi 80, mshale uko kwenye 3. Saa 12 asubuhi, moto umekufa na rejeta zimepoa, sifuri. Wazee wenzangu mnayafahamu magonjwa haya mawili, presha ya kupanda na presha ya kushuka. Huyu alikuwa nayo yote mawili ndani ya usiku mmoja.

Na hapo ndipo ulipo ufunguo, ndugu wa Mafinga, nami nilichelewa kuuona. Bomba likiwa limetoboka, mshale unashuka polepole, moto uwe umewaka au haujawaka. Ukiona mshale unapanda sana moto unapowaka, kisha unaanguka hadi chini unapopoa, usianze kuvunja sakafu kutafuta kitundu. Tazama tangi la kutanukia.

Tangi hilo kwangu ni jekundu, la lita 18, limetundikwa ukutani kando ya boila, na kwa miezi miwili nilidhani ni mtungi wa akiba. Ndani lina mpira unaoligawa pande mbili. Upande mmoja ni maji ya mfumo, upande wa pili ni upepo uliojazwa, kwa pini kama ile ya tairi. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 80 yanaongezeka karibu asilimia 3. Kwa lita zangu 150 ni lita 4 na kidogo. Maji hayabanwi, hata uyafungie wapi. Hizo lita 4 lazima zipate pa kwenda. Zinakwenda kwenye tangi, zinausukuma mpira, upepo unajikunja, na mfumo ukipoa upepo unayarudisha maji yalikotoka. Sasa upepo ukiwa umeisha, na huisha, maana unapenya mpira kidogo kidogo kama unavyoisha kwenye baiskeli iliyoegeshwa, tangi linajaa maji tupu. Lita 4 zinakosa nafasi. Presha inaruka hadi 3, na kwenye 3 valvu ya usalama inafunguka na kumwaga nje. Mfumo ukipoa, maji yanajikunja, yaliyomwagika hayarudi, mshale unalala sifuri. Asubuhi mama anaongeza maji. Jioni yanamwagwa.

Mtaniuliza, kwani hukuyaona yakimwagika? Bomba la valvu lilipitishwa ukutani likatokea nyuma ya banda, upande wa uzio, mahali ambapo sina shughuli. Siku niliyokwenda nilikuta mnavu umestawi, majani mapana ya kijani, mwezi wa Julai, hakuna aliyemwagilia. Nikaweka ndoo chini ya lile bomba usiku kucha. Asubuhi nikapima kwa jagi la kupikia: lita 3 na nusu na ushei. Unakumbuka lita 4 za hesabu? Sijawahi kuipenda hesabu namna hiyo.

Nikamwita tena yule kijana. Simtaji, ana familia, na kazi ya mabomba ya maji safi anaifanya vizuri. Nikamwonyesha daftari. Akaleta kipima upepo cha tairi, akakibana kwenye pini ya tangi, kikasoma zaidi ya 1. “Tangi liko sawa, Mama. Valvu ndiyo mbovu.” Kosa lake sikulijua siku hiyo, nimelijua baadaye: alipima huku maji yakiwa na presha upande wa pili wa mpira. Katika hali hiyo kipimo kinakusomea ile presha ya maji tu, hata kama upepo uliobaki ndani ni wa kujaza kikombe. Ni sawa na kumpima mtu presha akiwa amebeba gunia la viazi. Ili upime tangi, mfumo upoe kabisa, ufunge maji yanayoingia, umwage maji hadi geji isome sifuri, ndipo uguse pini. Mafundi vijana, hili likateni mbandike kwenye boksi la spana.

Kisha akafanya jambo linalonifanya niandike barua ndefu hivi. Alizungushia tepu nyeupe kizibo cha chuma, akakifunga kwenye mdomo wa bomba la valvu ya usalama. Ili isivuje.

Jioni nikawasha moto kama kawaida. Saa 2 mshale ulikuwa umepita 3. Haukusimama. Ukaingia eneo jekundu, ukakaribia 4, mahali namba za geji yangu zinapoishia, na rejeta ya sebuleni ikatoa mlio ambao sijausikia kabla wala baada. Wajukuu niliwatuma kwa jirani. Nikafunga mlango wa hewa wa boila, nikafungua rejeta zote hadi mwisho na madirisha yote, pampu ikiendelea kuzungusha, nikachukua koleo nikatoa makaa na vigogo vinavyowaka, nikavimwaga uani kimoja kimoja. Kanga yangu moja iliishia pale. Boila ya gesi au ya umeme ina swichi, lakini moto wa kuni ukishawaka unasubiri uishe. Tena umeme ukikatika, na kwetu unakatika, pampu inasimama, moto hausimami.

Niwape na fizikia kidogo, maana niliisoma kabla ya unesi. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 93, ndiyo maana maharage yetu yanachosha. Ndani ya mfumo uliobanwa hayachemki kwenye 93, wala kwenye 100, wala kwenye 110. Yanatulia kimya. Chombo kikipasuka wakati huo, presha inaondoka ghafla na sehemu ya maji yale inageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Banda langu la mabati halina nafasi hiyo. Valvu ya usalama inayovuja inakuambia kwamba kuna kitu kingine kimeharibika. Ukiiziba umemziba mgonjwa mdomo asilalamike.

Asubuhi nilikitoa kile kizibo mwenyewe, kikiwa baridi. Ninacho, ni kizito kuliko kinavyoonekana.

Nilisaidiwa na mzee mmoja kutoka Mufindi, aliyestaafu baada ya miaka mingi kwenye maboila ya kiwanda cha chai. Shemeji yangu ndiye aliyemleta. Alipofika hakuomba spana. Aliomba kiti na daftari. “Kamwene, Nesi,” akasema, akasoma kurasa mbili polepole, akavua miwani. “Huyu hana kuhara. Mapafu ndiyo yamelala.” Akamwaga maji hadi sifuri, akabonyeza pini ya tangi kwa ukucha: fss, kidogo, basi. Kwanza akatazama kama panatoka maji. Maji yakitoka kwenye pini, mpira umepasuka na tangi ni la kubadilisha, hakuna mjadala. Kwangu ilitoka hewa kavu. Akamtuma mjukuu kuazima pampu ya baiskeli. Wakapokezana, mzee na mtoto wa darasa la tano, hadi kipimo kikasoma 1. Akaeleza kwamba kila mita moja ya kimo cha maji ni sehemu ya kumi ya baa, nyumba yangu ni ya chini, rejeta ya juu kabisa haizidi mita 3 kutoka kwenye tangi, kwa hiyo 1 inatosha na kuzidi. Nyumba ya ghorofa ingetaka zaidi. Kisha tukajaza maji hadi 1.3, upande wa maji uuzidi kidogo upande wa upepo, ili tangi lianze kazi likiwa na akiba ya maji ndani.

Jioni tukawasha. Maji nyuzi 80, mshale 1.8. Ukakaa hapo. Mzee akala ugali na kabichi, akalala chumba cha mbele akilalamika kwamba kuna joto mno.

Haikuishia hapo, na sitaki kudanganya kwamba pampu ya baiskeli ilitibu kila kitu. Valvu iliyokuwa ikifunguka kila usiku ilikuwa imeshika uchafu kwenye kikalio chake, pale inapofungia, ikaendelea kudondosha hata presha ikiwa chini. Tuliinunua mpya, ya baa 3 vilevile, wala si kubwa zaidi kama muuzaji alivyotaka kuniuzia. Bomba lake sasa linatokea mahali ninapopita kila siku, limeelekezwa chini, mbali na watoto wanapochezea, mdomo wazi.

Baada ya hapo mshale uliendelea kushuka, lakini kwa namna nyingine: robo ya baa hivi kwa wiki mbili, moto uwe umewaka au la. Huo sasa ndio uvujaji wa kweli. Hapakuwa na tone lolote sakafuni, maana maungio ya rejeta yakiwa ya moto yanakausha maji kabla hayajadondoka. Hapa, Mhariri, gazeti lako lilifanya kazi ambayo hukuikusudia. Nilizima moto siku mbili, nikakausha kila ungio, nikatandaza kurasa kavu za magazeti ya zamani chini ya rejeta zote sita. Asubuhi ya pili ukurasa wa michezo chini ya rejeta ya chumba cha watoto ulikuwa na duara moja lililolowa, ukubwa wa shilingi. Nati ilikazwa nusu mzunguko.

Sasa nirudi kwenye kikoki chako, ndugu wa Mafinga. Unaweza kusema maji ni maji, yakipungua yakaongezeka kuna ubaya gani? Maji mapya yanakuja na oksijeni. Maji yaliyofungiwa siku nyingi kwenye chuma yamekwisha kuimaliza oksijeni yake na hayali tena kwa kasi. Wewe kila siku unaleta mlaji mpya. Katika wiki zangu za kuongeza na kuongeza, maji tuliyomwaga kwenye boila yalitoka meusi kama uji wa ulezi uliochomeka. Nikatia ndani ya kopo sumaku ya spika ya redio mbovu, tope lile likaifuata. Ni chuma cha rejeta zangu, kimegeuka kutu nyeusi. Tope hilo hutulia chini ya rejeta zikawa baridi chini na moto juu, na huingia kwenye pampu. Tena mtaani maji yakikatika, kama kikoki kiko wazi na hakuna valvu ya kuzuia yasirudi nyuma, tope hilohilo linarudi kwenye bomba unalochotea maji ya chai. Ubaya mwingine ni kwamba kikoki kilicho wazi kinaficha mshale. Geji yako itasoma vizuri kila asubuhi huku nyumba ikiliwa ndani.

Kuna watakaosema suluhisho ni tangi la wazi, lile la zamani linalowekwa juu kabisa darini, bila mpira wala upepo, maji yanapanda na kushuka humo. Yule mzee ni wa upande huo. Anasema kwa boila ya kuni ndilo ambalo yeye angelifunga, kwa sababu bomba lake linapanda kutoka kwenye boila bila koki yoyote njiani, na mtu hana pa kuweka kizibo. Namwelewa, na kama ningeanza upya pengine ningemfuata. Lakini tangi la wazi nalo linavuta hewa, maji yake yanakauka taratibu, na boya lake linaongeza maji kimyakimya, yaani kikoki chako kilekile kikiwa juu ya dari. Anayelitumia apande ngazi kulitazama. Mimi na magoti yangu haya, ngazi hapana.

Ombi langu ni kwa wanaoleta mifumo hii kwenye makontena, maana naona hapa mjini na huko Mafinga zinaanza kuongezeka nyumba zenye bomba la moshi nyuma ya jiko. Bandikeni ukutani karatasi ya Kiswahili: upepo wa tangi unapaswa kuwa ngapi, geji ikiwa baridi isome ngapi, ikiwa moto isizidi ngapi. Na tangi lipimwe upepo kila mwaka kabla ya Mei. Mimi naandika kwenye daftari kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili iliyopita ilikuwa 1.3 asubuhi, 1.8 usiku. Iliyotangulia, vilevile.

Mwisho, mzee wa Mufindi kama unasoma gazeti hili: namba yako haipatikani tangu Agosti. Kipima upepo chako ulikisahau kwenye droo ya kabati la vyombo, na mjukuu anakitumia kwenye baiskeli za mtaa mzima. Njoo ukichukue, na miwani pia.

Nesi mstaafu,
Njombe